Masanduku matupu, magogo yamejaa: tumwamini nani?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki huku Pangani, tupo watu 22. Tuna mizinga 46. Kati ya hiyo 30 ni masanduku, mizinga ya kisasa ya viunzi vya juu (vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega) tuliyopewa na wafadhili, na 16 ni magogo waliyoyachonga wazee wetu. Mwaka wa pili huu, magogo 11 yana nyuki, lakini masanduku yenye nyuki ni 7 tu. Tumehudhuria semina tatu. Mwalimu wa kwanza alituambia tuachane na magogo kabisa, tuyachome. Wa pili alisema nyuki wetu ni wakali mno, watafutwe wa kigeni. Wa tatu alisema nyuki wana wadudu wanaowanyonya, tununue dawa. Wazee wanasema masanduku yananuka kiwanda, nyuki hawayataki. Tumwamini nani? Na je, watu kama sisi tulioishia darasa la saba tunaweza kufanya utafiti wetu wenyewe?"

Jibu:

Marahaba, dada katibu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonigusa kuliko mengine. Ndiyo, mnaweza, na sikwambii hivyo kukufariji. Mwaka 1792 bwana mmoja wa Geneva, François Huber, alichapisha uchunguzi wake juu ya nyuki ambao unaheshimiwa mpaka leo. Huber alikuwa kipofu, macho yalianza kumpotea akiwa bado kijana. Aliyeona kwa niaba yake ni mtumishi wake wa nyumbani, François Burnens, ambaye hakuwa amesomea wadudu. Huber anauliza, Burnens anafungua mzinga na kuangalia, anarudi kueleza, Huber anauliza tena. Ndivyo walivyothibitisha kwamba malkia hupandwa nje, angani, wala si ndani ya mzinga. Safari moja walitaka kujua kama vibarua, yaani nyuki wa kazi, nao hutaga mayai, basi Burnens akawashika nyuki wa mizinga miwili mmoja baada ya mwingine, akamkagua kila mmoja. Kazi hiyo ilimchukua siku 11.

Walichokuwa nacho wale wawili ni swali moja kwa wakati mmoja, macho yasiyodanganya, na daftari. Nyinyi mko 22, mna mizinga 46, na mnaishi na nyuki mwaka mzima. Mwalimu wa semina anakaa nao siku mbili.

Sasa hesabu yako. Magogo 11 kati ya 16, masanduku 7 kati ya 30. Ukiitazama haraka unasema wazee wameshinda. Mimi nasema hesabu hiyo bado haijatwambia kitu juu ya gogo wala sanduku. Hayo magogo yametundikwa wapi? Nadhani juu ya miti, kivulini, mahali ambapo mzee alishapaona tangu zamani kuwa nyuki hupita. Masanduku je? Mara nyingi mradi unapoleta mizinga, yote huwekwa pamoja kwenye vichanja, mahali gari lilipoweza kufika. Gogo limeshakaliwa na kuhamwa mara kadhaa, lina mabaki ya nta na gundi ya nyuki, linanukia nyumbani. Sanduku ni mbao mbichi na rangi. Kwa hiyo unapolinganisha gogo na sanduku, unalinganisha pia juu na chini, kivuli na jua, harufu ya nta na harufu ya rangi, macho ya mzee na njia ya gari. Jambo lipi limewaleta nyuki? Huwezi kujua. Wazee wakisema ni harufu, inawezekana kabisa. Mwingine akisema ni urefu kutoka chini, naye inawezekana.

Ngoja nikueleze nyuki wanavyochagua nyumba, kwa sababu hapo ndipo utamu wa elimu hii ulipo. Kundi likimegeka, nyuki hujikusanya kwenye tawi kama shada, halafu wachache kati yao, wapelelezi, hutoka kutafuta pango. Mwaka 1949 mtafiti Mjerumani, Martin Lindauer, aliona mjini Munich kundi la namna hiyo, na juu yake nyuki waliokuwa wakicheza ile ngoma yao ya kuonyesha mwelekeo. Ngoma hiyo mwalimu wake, Karl von Frisch, alikuwa ameshaieleza kuwa ni ya kuonyeshana chakula, na baadaye, mwaka 1973, ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel. Lakini hawa wa Lindauer walikuwa wachafu. Mmoja mweusi kwa masizi, mwingine mwekundu kwa vumbi la matofali, mwingine mweupe kwa unga. Lindauer akang'amua kuwa hawakutoka kwenye maua, walitoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka. Wanacheza kutangaza nyumba, kila mmoja ya kwake, mpaka wote wanakubaliana na moja.

Baada yake, huko Marekani, mtafiti Thomas Seeley alipima ni nyumba ya namna gani wanaipenda. Aliona wanapendelea pango la lita 40 hivi, mlango mdogo, na lililo juu kutoka chini. Vipimo hivyo utavikuta katika semina nyingi. Hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo. Nyuki wa Seeley wana baridi ya miezi, theluji imelala, hakuna ua hata moja, wanahitaji ghala la asali la kuwavusha. Wetu wa pwani hawana baridi. Njaa ikija huwa wanahama. Tena ni nyuki tofauti kabisa. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa nyuki wa serikali ya Tanganyika, aliwaeleza nyuki wa ukanda wetu wa pwani kuwa aina yao peke yao, akawaita litorea, yaani wa pwani, na wale weusi wakubwa wa milimani akawaita monticola. Nyuki waliopo Pangani hawajawahi kuulizwa maswali mengi. Mkiwauliza nyinyi, mtakuwa mnaongeza kitu kwenye elimu, hamrudii cha mtu.

Basi fanyeni hivi. Achaneni kwanza na ugomvi wa gogo na sanduku. Masanduku mnayo tayari, wala hamtayarudisha, kwa hiyo swali lenye pesa ndani yake ni hili: tufanye nini masanduku yajae? Mna masanduku matupu 23. Chukueni 20, yagaweni jozi 10. Kila jozi iwe na masanduku mawili yanayofanana, yaoshwe kwa maji matupu, yakaushwe juani, na viunzi vyake vyote vipakwe mstari wa nta safi iliyoyeyushwa, kiasi kilekile. Chagueni maeneo 10, mengine nyuma ya mikoko, mengine mashamba ya minazi, mengine karibu na mkonge. Kwenye kila eneo sanduku moja litundikwe mtini, mita tatu au nne kutoka chini, na la pili liwekwe kwenye kichanja cha kufika kiunoni, hatua kumi au kumi na tano kutoka pale, kivuli kilekile, mlango uelekee upande uleule. Lipi liende juu na lipi libaki chini, rusheni sarafu. Msichague wenyewe, maana mkono wa binadamu una upendeleo hata mwenyewe asipojua, atalipeleka lile zuri kule anakoamini.

Yote yawekwe ndani ya wiki moja. Waya na miguu ya vichanja ipakwe grisi kuzuia siafu. Na mkwepe mwembe au mti wowote wenye maji moto, wale chungu wekundu, kwa sababu hawawaachii nyuki nafasi hata dakika moja.

Halafu kila Jumamosi watu wawili wapite, bila kufungua. Wakae pembeni ya mlango dakika tano. Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya, na mimi nimelifanya: ukiona nyuki sita saba wanaingia na kutoka ukaandika "mzinga una nyuki". Hao wanaweza kuwa wapelelezi tu, wamekuja kukagua nyumba. Nyuki waliokwisha kuhamia utawajua kwa chavua, ule unga wa maua. Ukiona vibarua wanaingia na vidonge vya njano au vya rangi ya machungwa miguuni, ujue kundi limetulia na karibu daima lina watoto wa kulisha. Andikeni tarehe ya siku mliyoona chavua kwa mara ya kwanza. Kwenye kila jozi mnatafuta jambo moja tu, lipi limeingiwa mwanzo, la juu au la chini? Jozi ambayo mpaka mwisho wa msimu haikuingiwa hata moja haihesabiwi.

Kwa nini jozi 10, na kwa nini msikimbilie kutangaza matokeo? Tuseme jozi zote 10 zimeingiwa, na mizinga ya juu imetangulia kwenye 7. Mtashangilia. Sasa mpe mtoto sarafu airushe mara 10. Upande mmoja kushinda kwa 7 dhidi ya 3 au zaidi hutokea karibu mara moja katika kila tatu, na sarafu haina akili wala pua. Kwa hiyo 7 kwa 3 ni dalili ya kuwafanya mrudie msimu unaofuata. Yakiwa 9 kwa 1, hapo sarafu ingefika mara moja tu katika kila mara 47 hivi, na mimi ningehamisha mizinga yangu. Shikeni hilo na kwenye semina pia. Mtu akikwambia "nimejaribu, inafanya kazi", muulize alijaribu mizinga mingapi, na ile ambayo hakuifanyia kitu ilikuwa mingapi.

Daftari lenyewe lisiwe kubwa. Namba ya mzinga, tarehe, nyuki wapo au hawapo, chavua, maua yaliyochanua ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu, mvua ilinyesha au haikunyesha, na majina ya walioangalia. Basi. Nimewahi kuona fomu ya kurasa nne kwa kila mzinga. Ilijazwa wiki ya kwanza tu.

Safu ya maua msiidharau. Nilipokuwa naanza kazi nilikwenda kijiji kimoja wilayani Handeni, nikawaambia wafugaji warine mwezi niliokuwa nimeusoma kwenye mwongozo. Mzee mmoja hakunibishia, alinichukua mpaka nyuma ya nyumba yake akanionyesha ukutani alama za mkaa. Kila msimu alichora mstari siku alipoona miti fulani imechanua, na mstari mwingine siku aliporina. Ilikuwa miaka tisa. Mwezi wangu ulikuwa umewahi karibu wiki sita. Tungelimfuata mgeni tungelikata masega mabichi, asali bado maji, na watoto wa nyuki wangekufa. Ule ukuta ulikuwa utafiti, na nilisikitika sana kusikia baadaye kwamba nyumba ilianguka kwa mvua na hakuna aliyezinakili zile alama. Kama mnao wazee wanaokumbuka mchu unachanua lini huko mikokoni, au mkonge unatoa mlingoti mwezi gani, waandikeni mwezi huu.

"Fuata nyuki ule asali" wengi tunaisema kama nasaha. Mimi naichukua kama ilivyo. Asubuhi keti karibu na mzinga wenye nguvu, tazama wanaotoka wanaelekea upande gani, fuata upande huo, kagua maua. Asubuhi tatu za kazi hiyo zitakufundisha zaidi ya semina moja.

Sasa walimu wako watatu, mmoja mmoja.

Wa kuchoma magogo simkubali hata kidogo. Magogo 11 yenye nyuki ndiyo yanayozaa makundi yatakayoingia kwenye masanduku yenu. Kuyachoma ni kuua ng'ombe mwenye mimba. Lakini ana jambo moja la kweli. Gogo ukilirina unakata vyote, watoto na asali, wakati kwenye viunzi unanyanyua sega moja moja na kuacha la watoto. Tena sanduku la kwenye kichanja humruhusu mwanamke, au mzee ambaye magoti hayapandi tena mti, kuwa mfugaji kamili. Basi yaacheni magogo yawe kitalu. Na hapo hapo chukua rula upime viunzi vyenu. Nyuki wetu wanahitaji kiunzi cha upana wa milimita 32. Cha milimita 35 ni kipimo cha nyuki wa Ulaya, na fundi akikosea hivyo, nyuki watajenga masega ya kukatiza viunzi viwili vitatu, nanyi hamtaweza kunyanyua kitu.

Wa nyuki wa kigeni, msimsikilize. Mwaka 1956 Brazil ilifunga safari kuja Afrika kuchukua malkia wetu, kwa sababu wale wa Ulaya waliokuwa nao hawakufanya vizuri kwenye nchi ya joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, yakaenea karibu bara zima, na leo wafugaji wa Brazil wanavuna asali kwa nyuki wenye damu hiyo. Wao walikuja kutafuta mlicho nacho, nyinyi mtafute walichokiacha? Kuleta nyuki wa nje ni kuleta pia magonjwa yao. Ukali unafanyiwa kazi kwa mikono: fungueni jua linapozama, bomba la moshi la kufukizia nyuki liwe na moshi baridi mwingi kabla hamjagusa mfuniko, na pua zenu zifanye kazi. Nyuki akiuma huacha harufu ya kuwaita wenzake, na inafanana sana na ndizi mbivu. Ukiisikia, usiendelee, ongeza moshi, funga, rudi kesho. Aliyeumwa akwangue mwiba papo hapo kwa ukucha, asisubiri. Akivimba midomo au pumzi ikambana, ni hospitali mara moja. Na mbuzi wasifungwe kamba karibu na manzuki, yaani mahali penye mizinga, kwa sababu hawawezi kukimbia.

Wa tatu, wa wadudu, hakusema uongo. Kupe wa nyuki anayeitwa varoa alitambuliwa Afrika Mashariki mwaka 2009, na kwenye nchi za Ulaya na Marekani ameua makundi mengi mno. Ila uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Kenya ulionyesha makundi yenye kupe huyo yakiendelea vizuri bila dawa yoyote. Nyuki wetu wanaonekana kumvumilia. Dawa ingewanyang'anya nafasi hiyo, na ingeacha mabaki kwenye nta. Msinunue. Mhesabuni. Chukua nusu kikombe cha nyuki kutoka sega la watoto, ambao ni kama 300, baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa pana yenye mfuniko wa wavu, mimina vijiko viwili vya sukari laini ya kupambia keki, wazungushe taratibu dakika moja, waache dakika mbili, kisha kung'uta ile sukari kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo. Sukari inayeyuka, kupe wanabaki, wekundu wa udongo, wadogo kama punje ya ulezi. Gawa idadi kwa tatu upate kupe kwa kila nyuki 100. Nyuki wanarudi mzingani hai, weupe, wenzao wanawalamba. Fanyeni siku kavu, kwa unyevu wa Pangani sukari hugandamana. Mizinga mitano, mara mbili kwa mwaka, yatosha. Mende wadogo weusi mkiwaona kwenye masega ya mzinga dhaifu, hao ni wenyeji wa Afrika, kundi lenye nguvu huwadhibiti lenyewe.

Hukuuliza juu ya asali, lakini mko pwani na lazima niliseme. Kipimo cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Hewa yenu ina unyevu, na asali iliyoachwa wazi hunyonya maji usiku kucha mpaka ichachuke. Rineni sega lililofunikwa robo tatu au zaidi, msirine mvua inaponyesha, na ndoo ifungwe siku hiyo hiyo. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni habari nyingine, yenyewe kwa asili ina maji mengi zaidi, msiichanganye na hii wala msiione kuwa imeharibika. Hao nyuki wadogo, kwa njia, wapelekeeni shule ya msingi iliyo karibu. Kisanduku kimoja ukutani, watoto wanatazama chavua ikiingia, hakuna anayeumwa.

Kuhusu mafunzo, kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora, na kipo kituo cha utafiti wa nyuki cha Njiro, Arusha, chini ya taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kikundi kikipata ada ya mtu mmoja, mpelekeni kijana anayependa kuandika, si yule anayependa posho. Afisa nyuki wa wilaya mwonyesheni daftari, si mizinga tu. Na mwalimu yeyote atakayekuja Pangani, mwambieni kwa heshima kwamba somo litafanyika mbele ya mzinga namba fulani, jioni, wote mkiwa na mavazi, na atakachosema kitaandikwa ili kijaribiwe kwa jozi.

Wazee wawe ndani ya hili tangu mwanzo. Wao ndio wachague yale maeneo 10. Na wakishikilia kwamba ni harufu, masanduku matatu yaliyobaki yawe ya kwao: wayafukize kwa namna wanayoijua, muone.

Ukimaliza msimu, piga picha kurasa za daftari zote, hata zenye sifuri tupu, unitumie. Hizo za sifuri nazitaka zaidi, kwa sababu ndizo ambazo hakuna mtu anayetuonyesha. Tutazisoma pamoja, na gogo na sanduku tutavirudia mwaka unaofuata, jozi kwa jozi.